UBONGO WETU TUUPIME WENYEWE

Mtu akishuka Kagongwa wakati wa mavuno, jambo la kwanza linalomlaki ni ngurumo ya mashine za kukoboa mpunga. Magunia ya mpunga huingia upande huu, mchele hutoka upande ule, na pumba hurundikwa nyuma kama vichuguu. Wakulima wa Kahama, Msalala na vijiji vya jirani wamekwisha jifunza hapa somo ambalo hawakulisoma kitabuni. Mwenye kuuza mpunga hupata bei ya mpunga. Mwenye kuukoboa kwanza hupata bei ya mchele. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo ada ya mtoto, ndiyo bati la nyumba, ndiyo ng'ombe wa kulimia mwaka ujao.

Twaanza na mpunga makusudi, maana jambo tutakalolisema juma hili litawashangaza baadhi ya ndugu zetu. Twataka kusema juu ya ubongo, juu ya vinasaba, na juu ya nafasi za utafiti zinazotangazwa kila mwaka katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani kwa watu waliokwisha pata shahada ya uzamivu. Kuna atakayeuliza: haya yanamhusu nini mwanachama wa chama aliyeketi kwenye gunia lake Kagongwa akingoja zamu ya mashine? Twamjibu kwamba yanamhusu sana. Akituvumilia mpaka mwisho wa tahariri hii, ataona kuwa ni habari ile ile ya mpunga na mchele.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mtu akimaliza shahada ya kwanza, akamaliza na ya pili, akamaliza na ya tatu iitwayo uzamivu, bado hajawa fundi kamili wa sayansi. Ni kama kijana aliyehitimu useremala lakini hana karakana. Katika nchi zilizoendelea mtu huyo hupewa miaka miwili, mitatu au minne ndani ya maabara kubwa. Hulipwa mshahara, hutumia mashine za thamani, hufanya uchunguzi wake na kuandika kwa jina lake. Hizo ndizo nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu. Humo ndimo watokamo wakuu wa maabara wa kesho. Nchi isiyo na nafasi hizo huwa na wasomi wengi wenye vyeti lakini haina karakana.

Miongoni mwa nafasi zinazotafutwa sana siku hizi ni zile za elimu ya jinomu ya ubongo na tabia ya viumbe katika jamii. Jinomu ni jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe, maagizo yote aliyorithi kwa wazazi wake. Wataalamu wa elimu hii wanauliza maswali makubwa. Kwa nini kiumbe mmoja hutawala na mwingine hunyenyekea? Kwa nini huyu huishi kwa amani na jirani, na yule hupigana? Maisha ya dhiki huacha alama gani ndani ya ubongo? Maswali haya kila mzee wa kijiji amewahi kujiuliza. Jipya ni kwamba sasa kuna vyombo vya kuyatafutia majibu.

Na vyombo hivyo vinatumika juu ya nini? Hapa ndipo twataka msomaji atege sikio.

Mwezi Februari 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji katika msafara wa wapagazi ambao walizijua njia za Unyamwezi kabla ya wageni hao kuzaliwa. Miezi michache baadaye Speke alitoka Tabora akaelekea kaskazini, akapita katika nchi hii yetu, akafika Mwanza mwezi Agosti, na ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza akalibandika jina la malkia wake. Mwaka 1894 mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, Albert Günther, aliandika habari za samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika akampa jina la Burton. Mpaka leo samaki huyo huitwa *Astatotilapia burtoni*.

Yuko na samaki wa pili. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Julius Nyerere alipoondoka madarakani kwa hiari yake, Waholanzi wawili, Els Witte-Maas na Frans Witte, waliandika habari za furu mmoja wa ghuba ya Mwanza. Wao walimpa samaki wao jina la Mwalimu. Leo huitwa *Pundamilia nyererei*. Msomaji ataona kwamba hata sehemu ya kwanza ya jina hilo ni Kiswahili chetu kitupu.

Wavuvi wetu wanamjua furu kama samaki mdogo wa miambani, asiye na bei mbele ya sato na sangara. Lakini kwa wataalamu wa dunia furu ni hazina. Katika Ziwa Viktoria pekee zilikuwako aina zake mamia kadhaa kabla sangara, aliyeletwa wakati wa ukoloni, hajazila nyingi katika miaka ya 1980. Mwaka 2014 jarida la *Nature* lilitangaza kwamba jinomu za samaki watano wa jamaa hiyo wa Afrika zimekwisha somwa zote. Samaki wa Burton alikuwamo, na samaki wa Mwalimu alikuwamo. Kazi ya kuzisoma ilifanywa hasa katika Taasisi ya Broad, huko Massachusetts, Marekani.

Tunajifunza nini kwa samaki hawa? Tutaje mambo mawili tu.

Dume la furu wa Mwalimu lina rangi nyekundu mgongoni, na jamaa yake wa karibu ana rangi ya samawati. Jike humchagua dume kwa rangi. Wataalamu wakiongozwa na Ole Seehausen walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka rangi hazionekani sawasawa, uchaguzi huharibika, na aina za samaki zilizokuwa mbali mbali huchanganyika na kupotea. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba hata jeni za macho ya samaki hao zimefuatana na mwanga ulioko katika kina wanachoishi. Basi yule anayemwaga uchafu ziwani anaharibu hata ndoa za samaki, na anafuta kitabu ambacho hakuna mwingine awezaye kukiandika tena.

Jambo la pili linatugusa sisi watu wa siasa. Katika samaki wa Burton, madume machache hutawala. Hung'aa kwa rangi, hushika eneo na kuwafukuza wengine. Madume yaliyobaki huwa na rangi hafifu, hunyamaza na hayazai. Maabara ya Profesa Russell Fernald katika Chuo Kikuu cha Stanford ilichunguza habari hii kwa miaka mingi. Ikaonekana kwamba dume linalotawala akiondolewa, mnyonge hubadilika katika muda wa dakika chache. Rangi zake huwaka, mwendo wake hubadilika, na ndani ya ubongo wake jeni iliyokuwa imetulia huamka na kufanya kazi. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2005. Kwa hiyo samaki yule hakuwa mnyonge kwa sababu alizaliwa hivyo. Alikuwa mnyonge kwa sababu alikuwa chini ya mwingine.

Hatusemi kwamba mtu ni samaki. Lakini aliyeishi chini ya utawala wa kigeni, au aliyesimuliwa na babu yake, atajua kwa nini habari hiyo ilitusimamisha tulipoisoma.

Ushahidi hautoki ziwani tu. Huko Amboseli, Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, nyani wa porini wamefuatwa mmoja mmoja tangu mwaka 1971. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba nyani jike aliyepatwa na dhiki tatu au zaidi utotoni, kama vile kufiwa na mama, ukame au kundi kubwa mno, alikufa mapema kwa karibu miaka kumi kuliko mwenzake aliyekulia katika heri. Kwa nyani, miaka kumi ni sehemu kubwa ya maisha. Sayansi ya leo inasema wazi kwamba jamii humwingia kiumbe mpaka ndani ya mwili. Ubongo unasikiliza jinsi unavyotendewa.

Sasa tulinganishe elimu hiyo na ile waliyotupa wakoloni.

Mwaka 1934, huko Nairobi, daktari wa serikali ya kikoloni aitwaye F. W. Vint alichapisha habari za bongo za maiti wa Kiafrika alizozipima. Akadai kwamba tabaka la juu la ubongo wa Mwafrika ni jembamba kuliko la Mzungu. Akafuata J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Bwana huyo alifananisha akili zetu na za Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamwandikisha taarifa juu ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kuwa ni wagonjwa wa akili. Hakuuliza nani aliyewanyang'anya ardhi. Alitazama vichwa vyao tu.

Ndugu, uongo ule ulitoka kwa watu wenye vyeti, ukapigwa chapa kwa karatasi nzuri, ukasomwa na magavana, na uliwezekana kwa sababu kubwa moja. Katika chumba kile cha kupimia, Mwafrika alikuwako mezani akiwa maiti, wala hakuwako kitini akiwa mpimaji. Jibu la kitaalamu lilipokuja, lilitolewa na Mwafrika aliyekuwa amesomea kazi hiyo. Daktari Adeoye Lambo wa Nigeria alianza kazi yake ya Aro, Abeokuta, mwaka 1954, akawatibu wagonjwa wa akili wakikaa vijijini pamoja na jamaa zao, akaonyesha dunia nzima kuwa akili ya Mwafrika huugua na kupona kama ya binadamu yeyote. Tangu mwaka 1973 mtu huyo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa shirika lile lile lililokuwa limemchapisha Carothers. Hoja moja ya Lambo ilikuwa na nguvu kuliko malalamiko elfu, kwa sababu alikuwa nayo maabara, wagonjwa na daftari.

Basi leo elimu ya ubongo na tabia imerudi, na safari hii ina vyombo ambavyo Carothers hakuviota. Inaweza kutumika kwa haki, na inaweza kutumika kwa dhuluma. Wapo watakaotaka kusema kesho kwamba umaskini uko katika vinasaba, au kwamba kabila fulani limezaliwa na ugomvi. Nani atawajibu? Magazeti ya chama hayatatosha. Atawajibu mwenye maabara.

Tusije tukadhani kwamba hii ni fahari ya wasomi tu. Hapa kwetu Shinyanga na Geita yako mambo mawili yanayodai elimu hii kwa nguvu.

La kwanza ni zebaki. Wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwa karasha, wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma, mara nyingi uani karibu na jiko na watoto. Dunia ilikwisha onywa tangu mwaka 1956, ugonjwa wa Minamata ulipotambuliwa huko Japani, kwamba zebaki hushambulia ubongo, na ubongo wa mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Mashirika ya kimataifa yamekwisha fika mpaka Rwamagasa, Geita, kupima zebaki. Lakini kwa nini mtoto huyu hudhurika sana na yule kidogo, hali wote wamekua katika ua mmoja? Vinasaba vinachangia kiasi gani, na chakula kiasi gani? Mchunguzi wa miezi mitatu hawezi kujibu hayo. Atayajibu mtu anayekaa hapa, anayejua Kisukuma, anayeweza kumfuata mtoto tangu kunyonya mpaka darasa la saba.

La pili ni aibu yetu, na chama kisichotaja aibu yake hakifai kuongoza. Tangu mwaka 2007 mikoa hii ya Kanda ya Ziwa ilisikika duniani kote kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi hapa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa miaka kumi na minne. Wauaji na wanunuzi wa viungo waliishi kwa uongo mmoja, ati mtu mwenye ualbino si mtu kamili, ati ni kiumbe cha ajabu chenye bahati. Sasa sikilizeni. Mwaka 1995 wataalamu walikwisha chapisha katika jarida la Marekani uchunguzi wa vinasaba vya Watanzania wenye ualbino. Walionyesha kwamba hali hiyo kwa wengi wao inatokana na kipande kilichokatika katika jeni moja, na mtoto hurithi kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe huenda wana rangi kama yetu sote. Hakuna bahati, hakuna uchawi, hakuna mama wa kulaumiwa.

Elimu hiyo ilikuwako miaka kumi na zaidi kabla ya mauaji kushika kasi. Ilitoka katika damu ya Watanzania. Ilikaa wapi? Ilikaa kwa Kiingereza, katika rafu za ng'ambo. Hatudai kwamba karatasi moja ingezuia kila panga. Twadai kwamba damu ilitoka kwetu na maarifa hayakurudi kwetu, na hasara ya jambo hilo imeonekana.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye mpunga. Mababu wa Usukuma walilima pamba wakaiona ikipimwa kwa mizani ya wengine. Hawakuacha kulima. Waliunda vyama vya ushirika, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria chini ya Ndugu Paul Bomani. Mwezi Machi 2017 serikali ilizuia makinikia ya dhahabu yasipelekwe ng'ambo, na mnamo Januari 2020 ukatiwa sahihi mkataba uliozaa kampuni ya Twiga, ambamo nchi ina hisa asilimia 16. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kikafunguliwa Mwanza. Watu walioelewa mizani ya pamba na makinikia ya dhahabu hawawezi kushindwa kuelewa jambo hili. Sampuli ya damu, kipande cha pezi la furu, kinyesi cha sokwe wa Gombe, vyote ni mpunga. Maarifa ndiyo mchele. Na nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu ndiyo mashine ya kukoboa.

Majirani zetu wamekwisha anza. Mpango mkubwa wa Afrika wa kuchunguza urithi na afya ya binadamu, ulioitwa H3Africa, uliendeshwa kwa fedha za Marekani na Uingereza, ukatoa misaada yake ya kwanza mwaka 2012 na kumalizika mwaka 2022. Sharti lake lilikuwa jema, kwamba fedha zikabidhiwe taasisi za Afrika na Waafrika wawe wakuu wa kazi. Mwaka 2020 wachunguzi wake walitangaza jinomu za watu 426 wa makabila na lugha 50, wakakuta tofauti mpya zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimeonekana popote. Katika nchi yetu Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wamejenga jina duniani kwa uchunguzi wa selimundu. Hiyo yaonyesha kuwa tukipewa karakana tunaweza.

Lakini katika ubongo tumebaki nyuma. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba vya maradhi makali ya akili, ulioongozwa na Taasisi ya Broad na Harvard kwa jina la NeuroGAP, ulifanywa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Pamoja nao yakaendeshwa mafunzo ya miaka miwili kwa vijana wachunguzi wa nchi hizo nne. Addis Ababa walikuwamo, Eldoret na Kilifi walikuwamo, Makerere walikuwamo. Tanzania haikuwamo. Hatumlaumu aliyealikwa. Twajiuliza sisi, tulikuwa tumeandaa nini ili tualikwe?

Kuna watakaotupinga kwa mambo mawili, na yafaa tuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza atasema: zahanati haina dawa, nanyi mnadai mashine za kusoma ubongo wa samaki! Ndugu huyu ana haki ya kuuliza, na chama hakitamwambia asubiri dawa kwa sababu ya maabara. Lakini dawa zenyewe hutoka wapi? Mwaka 2019 wataalamu walionyesha kwamba hesabu za kubashiri maradhi zilizotengenezwa kwa vinasaba vya watu wa Ulaya hukosea mno zikitumiwa kwa Waafrika. Asiyehesabiwa katika utafiti hatahesabiwa katika tiba. Tukiacha jambo hili leo kwa sababu ya umaskini, tutanunua majibu ya watu wengine kesho kwa bei kubwa, na majibu yenyewe hayatatufaa.

Wa pili ni yule mwenye hasira, anayesema: basi wafukuzeni wageni wote, tufunge mlango. Huyo naye twamkatalia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waholanzi waliompa samaki jina la Mwalimu hawakutudharau, walitupa heshima. Uchunguzi wa sokwe wa Gombe ulianza mwaka 1960 kwa mkono wa Bi. Jane Goodall, nasi tunaukumbuka kwa shukrani. Lakini huko Gombe vijana wa Kigoma ndio waliowafuata sokwe milimani miaka nenda miaka rudi, mvua na jua. Kazi hiyo ina heshima yake, ila haiwezekani kila kizazi kiwe cha wafuata sokwe na wabeba ndoo za samaki. Mtoto wa aliyebeba ndoo ana haki ya kuketi mbele ya darubini.

Basi chama kidai nini? Sisi twasema mambo matano.

Kwanza, kila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa mradi mkubwa wa kigeni wa vinasaba, uwe wa watu, wa wanyama au wa samaki, kifuatane na nafasi moja au zaidi ya utafiti wa baada ya uzamivu kwa Mtanzania, yenye mshahara na yenye jina lake katika maandishi. Kutaja mshiriki mwenyeji kwenye fomu hakutoshi. Twawajua washiriki ambao sahihi zao zilitakiwa siku ya kibali tu.

Pili, iwe na karakana huku huku. Mwanza inayo Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inao utafiti wa uvuvi, inacho chuo cha tiba cha Bugando, na furu wa Mwalimu wako mlangoni. Mahali pafaapo zaidi kwa elimu ya ubongo na tabia hapajulikani kwetu.

Tatu, anayekwenda ng'ambo arudi kwenye kiti. Uko mpango wa Chuo cha Sayansi cha Afrika na wenzake wa Marekani, ambao humpeleka Mwafrika mwenye uzamivu miaka miwili katika taasisi za afya za Marekani, kisha humsaidia miaka miwili mingine akiwa kwao. Mfano huo ni mwema. Tusimpeleke kijana akasome mashine ya milioni nyingi, kisha tukamrudisha kufundisha madarasa matano kwa juma bila hata friji ya sampuli. Akiondoka tena tunamwita msaliti, kumbe sisi ndio tuliomfungia mlango.

Nne, fedha. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itumie asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, hazijafika. Wabunge waulizwe. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu itakwisha siku moja, kama uchimbaji wa Buzwagi, jirani yetu, ulivyokwisha mwaka 2021. Shimo likibaki tupu, iwe limeacha watu wenye elimu.

Tano, maarifa yarudi kwa Kiswahili. Mtu akitoa damu yake, au watoto wa kijiji wakipimwa zebaki, majibu yasomwe katika mkutano wa kijiji hicho kabla hayajasifiwa kwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomeka kwa mwenye mali ni kama halipo.

Kwa vijana wetu twasema hivi. Ninyi mlio na uzamivu, msingoje kuitwa. Nafasi zinatangazwa. Ombeni, nendeni, jifunzeni kusoma jinomu na kuandika hesabu zake, na mkishika kiti mshike na mkono wa mwenzenu. Mabinti wa Kahama na Geita wasiambiwe kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Ninyi mlio sekondari, hesabu na biolojia ndizo jembe na shoka. Nanyi wanachama wa matawi, jambo hili liingie katika ajenda zenu pamoja na barabara na maji. Mwiteni mwalimu wa sayansi aje aeleze vinasaba kwa lugha nyepesi, na aanze na habari ya ualbino, kwa sababu hapo ndipo elimu hii inaweza kuokoa maisha katika kijiji chenu.

Wazee wetu walidai mizani, wakapata mizani. Wakadai bendera, wakapata bendera. Mashine za Kagongwa hazikuletwa na malaika. Wako watu waliochoka kuuza mpunga, wakachanga fedha, wakazinunua. Kazi iliyobaki ni ya namna hiyo hiyo. Samaki mwenye jina la Mwalimu anaogelea leo katika ghuba ya Mwanza, na mtoto atakayeusoma ubongo wake pengine yuko darasa la nne Kagongwa, akipepeta pumba jioni amsaidie mama yake. Tusimwache mtoto huyo akafika kwenye elimu hii akiwa sampuli. Afike akiwa mchunguzi.

Uhuru wa nchi tulikwisha upata. Twataka na uhuru wa kujijua wenyewe.